Lee-Enfield iliyochongwa ya kuwindia: kuirudisha ilivyokuwa jeshini, na yanayokwama njiani

Baada ya vita mbili kuu, Uingereza, Kanada na Australia zilibaki na maghala yaliyojaa Lee-Enfield zisizo na kazi. Ziliuzwa kwa bei ya chini na wawindaji wakazigeuza: mbao ya mbele ikakatwa nusu, mbao za juu ya mtutu zikatupwa, kofia ya mdomo inayoshika singe ikafunguliwa, kitako kikapigwa vanishi ya kung'aa. Leo wakusanyaji wanataka kuzirudisha. Mwongozo huu unashughulikia SMLE (Short Magazine Lee-Enfield) No. 1 Mk III* ya .303, iliyokubaliwa mwaka 1916. Jamii hii ya bunduki ndiyo waliyoibeba askari wengi wa King's African Rifles, kwa hiyo Afrika Mashariki haiwi ngeni kwake.

Kosa linalozaa matatizo karibu yote yaliyo hapa chini ni kuamini kwamba mbao za SMLE ni vazi tu. Triga imening'inizwa kwenye kilinzi chake, na umbali wa kilinzi hicho kutoka kwenye resiva, yaani mwili wa chuma unaobeba bolti, unategemea mbao ya mbele. Mtutu nao unasukumwa na kuvutwa na springi mbili zilizofichwa ndani ya mbao hiyohiyo. Ukibadilisha mbao umegusa mashine.

Jambo la kisheria kwanza. Resiva, bolti na mtutu ni sehemu zinazodhibitiwa. Kenya zinasimamiwa na Sheria ya Silaha Sura ya 114, Tanzania na sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na Uingereza mtutu na bolti huhitaji cheti hata zikiwa peke yake. Mbao, pete na skrubu kwa kawaida ni rahisi kupata kihalali, lakini uliza kabla ya kuagiza kutoka nje. Na kabla ya kazi yoyote: magazini nje, bolti wazi, tazama chemba kwa macho na uiguse kwa kidole.

Kabla ya kununua kipande chochote: je, inarudishika?

Funga bolti kwenye bunduki tupu. Ingiza ufito wa kusafishia wenye ncha bapa hadi uguse uso wa bolti, weka alama pale mdomo wa mtutu unapoishia, utoe na upime. Mtutu wa asili una inchi 25.2, yaani milimita 640 hivi. Ukipata inchi 22 au 20, umekatwa. Kofia ya mdomo haitakuwa na mtutu wa kuufunika, na kilengeo cha mbele kilicho pale si cha asili au kimehamishwa. Hakuna mbao itakayorekebisha hilo. Suluhisho ni mtutu mwingine uliofungwa na fundi bunduki, na Uingereza bunduki hiyo lazima ipimwe upya katika jumba la majaribio la London au Birmingham kabla ya kuuzwa. Gharama hiyo mara nyingi huzidi thamani ya bunduki nzima.

Kisha angalia juu ya resiva. Daraja la kupakilia risasi, ule upinde unaopita juu ya njia ya bolti, mara nyingi lilisagwa ili darubini ikae chini. Likiwa limesagwa, acha. Kulichomelea upya kunapeleka joto kwenye chuma kilichotiwa ugumu kwa mpango maalumu, na joto hilo hubadilisha ugumu huo. Matundu ya skrubu za darubini ni kasoro ndogo zaidi. Yajaze skrubu fupi zisizo na kichwa, zisawazishe, na uyahesabu kama sehemu ya historia ya bunduki.

Soma pia alama. Kama mwili una jina la Parker-Hale wa Birmingham na kazi yote inaonekana ya kiwandani, una bunduki ya kuwindia iliyotengenezwa kwa makusudi, na ina wateja wake. Kuigeuza ya kijeshi ni kuiharibu mara ya pili.

Ikiwa mtutu ni mzima, daraja lipo, na kilichopotea ni mbao na vyuma vya mbele, endelea.

Dalili: mbao mpya ya mbele haiingii, au inaingia ikiwa na pengo kubwa upande mmoja

Sababu ya kwanza ni kwamba umenunua mbao ya toleo jingine. Mk III ya kabla ya 1916 ilikuwa na vilengeo vya ubavuni vya masafa marefu, na mbao yake imechongwa upande wa kushoto kwa ajili hiyo. Mbao ya Mk III* haina mchongo huo. Mbao za Ishapore, India, mara nyingi zina skrubu inayokatiza ubavuni kuzuia mpasuko, na mbao za Lithgow, Australia, si lazima ziwe mjozi. Coachwood na Queensland maple zilitumika sana. Zote hukaa kwenye SMLE ya kiwanda chochote baada ya kuchongwa kidogo, lakini mkusanyaji anayejua ataona mchanganyiko mara moja. Bunduki ya Lithgow ivae mbao za Lithgow.

Sababu ya pili ni mbao ambazo hazijawahi kufungwa. Mbao mpya za ghala ziliachwa na ziada ili fundi wa jeshi azichonge kulingana na bunduki husika. Usilazimishe kwa nyundo. Paka masizi ya taa yaliyochanganywa na tone la mafuta chini ya resiva na mtutu, shusha kwenye mbao, inua, na chonga pale tu palipochafuka. Tumia patasi kali au mpapuro, na utoe tabaka jembamba kama karatasi kila mara. Hatua hii huchosha, nayo ndiyo kazi yenyewe. Anayeharakisha hapa hurudi kurekebisha sehemu nne zinazofuata.

Dalili: mbao imepasuka nyuma, pale inapokutana na soketi ya kitako (chuma cha nyuma ya resiva kinachopokea kitako)

Mpasuko huu ndio wa kawaida kuliko yote, na una visababishi viwili tofauti.

Cha kwanza kinatoka kwa mtu mwenye bisibisi. Kitako cha SMLE kimefungwa kwa bolti ndefu inayopita ndani yake, na ncha yake ya mraba huchomoza mbele na kuingia kwenye kibati kilichomo nyuma ya mbao ya mbele. Ukizungusha bolti hiyo mbao ya mbele ikiwa bado imefungwa, ncha ya mraba inaipasua kutoka ndani. Kanuni ni moja: ondoa mbao ya mbele kwanza, kitako baadaye, wakati wa kurudisha, kitako kwanza, mbao ya mbele mwisho. Kabla ya kuweka mbao ya mbele, hakikisha ncha ya mraba imesimama wima ili iingie kwenye kibati bila kusukuma. Wenye No. 4, toleo la baadaye la Lee-Enfield, hawana shida hii, na ndiyo maana mtu aliyezoea No. 4 ndiye anayepasua SMLE.

Cha pili ni mabega. Ndani ya mbao, nyuma ya nafasi ya magazini, kuna nyuso mbili, kulia na kushoto, zinazopokea mshtuko wa resiva bunduki inaporudi nyuma. Zikiwa zimechakaa, zimelowa mafuta au zimebonyea, mshtuko unahamia kwenye skrubu kubwa ya mbele na kwenye kingo nyembamba za mbao. Jaribu hivi: weka mbao kwenye bunduki bila kilinzi cha triga wala skrubu yoyote. Inapaswa kukaza kiasi kwamba haidondoki ukigeuza, na kuitoa kunahitaji kugonga kidogo kwa kiganja. Ikianguka yenyewe, mabega yamelegea.

Kuyatengeneza: toa mbao iliyooza au iliyobonyea hadi ufike kwenye mbao ngumu, kausha mafuta kwa asetoni mara kadhaa, kisha gundisha vipande vya mjozi au mwaloni kwa epoksi. Mistari ya kipande iende sambamba na mtutu, ili resiva igonge kwenye ncha za nyuzi na si ubavuni mwake. Imarisha kwa vijiti vya mbao. Epoksi ikikauka kabisa, chonga kwa masizi hadi pande zote mbili ziguse kwa pamoja. Bega moja likigusa peke yake, mbao itapinda na kupasuka upande huo. Lithgow iliweka vipande vya shaba nyekundu mahali hapa kwa sababu coachwood ni laini. Bunduki yako ikiwa navyo, usivitoe.

Mwisho, kati ya mwisho wa mbao na soketi ya kitako lazima mwanga upite. Pengo la milimita 1 hivi latosha. Likizibwa, kile kipande cha mbao kilicho kati ya bega na soketi kinabanwa pande zote mbili, na hewa ya unyevu ikikivimbisha hakina pa kwenda.

Dalili: triga imebadilika baada ya kuweka mbao

Hapa ndipo urembo unapogeuka hatari, kwa hiyo soma polepole.

Triga ya kijeshi ina mivuto miwili. Wa kwanza ni mrefu na mwepesi, ratili 3 hadi 4. Wa pili ni mfupi na mzito, ratili 5 hadi 6, na ndio unaofyatua. Mivuto hiyo hutoka kwenye vinundu viwili vya triga vinavyosukuma ndoano inayoshika kipiga. Ndoano imefungwa kwenye resiva, triga imefungwa kwenye kilinzi. Umbali kati ya viwili hivyo ndio unaoamua kinundu kipi kitagusa lini. Nyuma, kilinzi hukutana na soketi chuma kwa chuma, kwa hiyo hapabadiliki. Mbele, umbali unawekwa na mbao pamoja na kola ndogo ya chuma inayozunguka skrubu kubwa.

Mvuto wa kwanza ukipotea na bunduki ikafyatuka mara unapogusa triga, kilinzi kiko karibu mno na resiva. Kola haipo, au ni fupi, au mbao imeliwa na miaka ya kukazwa. Wawindaji wengi waliitupa kola walipobadilisha mbao. Tafuta ya asili, kisha uichonge hadi kilinzi kibane mbao na kola kwa wakati mmoja. Kola ikiwa fupi mno, skrubu inaponda mbao. Ikiwa ndefu mno, chuma kinakutana na chuma na mbao inabaki ikichezacheza.

Mvuto wa kwanza ukiwa mrefu kupita kiasi na wa pili hausikiki, au triga inafika mwisho bila kufyatua, kilinzi kiko mbali. Kwa kawaida mbao mpya bado ina ziada chini ya resiva. Shusha kidogo kidogo kwa masizi.

Usipige tupa kwenye ndoano wala kwenye kipiga. Nyuso hizo zina tabaka jembamba la ugumu. Ukilitoa, bunduki itafyatuka vizuri wiki moja, kisha itaanza kujifyatua ikigongwa. Wengi wanaopiga tupa wanajaribu kutibu kwenye chuma ugonjwa ulio kwenye mbao.

Baada ya marekebisho, pima bila risasi yoyote. Kokoa, piga kitako kwenye mkeka wa mpira kwa nguvu ya wastani, mara kadhaa. Kokoa, weka usalama, vuta triga kwa nguvu, achia, toa usalama. Kipiga kisisogee katika hatua yoyote. Kikisogea, bunduki hiyo iende kwa fundi.

Dalili: risasi za kwanza zinakaa pamoja, halafu zinaanza kupanda au kuhama upande mmoja

Mtutu wa SMLE ni mwembamba na ulikusudiwa kufanya kazi ukiwa ndani ya mbao nzima. Kila mara bunduki inapopata moto, mtutu unarefuka na kusogea. Mpango wa kiwanda ulikuwa huu: sehemu nene ya mtutu karibu na resiva inalala imara kwenye mbao, katikati, pete ya ndani yenye skrubu na springi inavuta mtutu chini, karibu na mdomo, kibonyezo chenye springi yake kinausukuma juu, na ndani ya kofia ya mdomo mtutu uko huru.

Bunduki iliyochongwa kwa kawaida imepoteza pete ya ndani, skrubu yake, springi na washa, pamoja na kibonyezo. Vipande hivyo ni vidogo na huachwa kwenye orodha ya ununuzi kwa sababu havionekani bunduki ikiwa imefungwa. Vinunue pamoja na mbao.

Ikiwa risasi zinapanda juu kadiri mtutu unavyopata moto, angalia kama kibonyezo kimekwama kwenye tundu lake au springi imekaza mno. Zikihamia kulia au kushoto, mtutu unagusa ubavu wa mbao au wa kofia ya mdomo. Pitisha ukanda wa karatasi nyembamba kati ya mtutu na mbao na utaona unapokwama. Chonga pale. Kisha shika mdomo wa mtutu, ubonyeze chini, uachie: unapaswa kushuka kidogo na kurudi juu wenyewe, katikati ya tundu la kofia. Usipoteremka, umebanwa. Usiporudi, springi imekufa.

Skrubu ya pete ya ndani imetengenezwa kukaza hadi mwisho wake na springi kubaki ikifanya kazi. Ukiibadilisha kwa skrubu ndefu ya dukani unaizima springi.

Sababu nyingine haihusu mbao: tundu la mtutu lililooza. Risasi za zamani za .303 zilitumia kordaiti na vichwa vya kulipua vyenye chumvi inayokula chuma. Kama mwenye bunduki hakuosha mtutu kwa maji ya moto baada ya kupiga, mifereji imejaa mashimo, hasa karibu na mdomo. Mbao nzuri haitasaidia mtutu huo.

Dalili: kofia ya mdomo inacheza, au singe ya 1907 haifungi vizuri

Singe haishiki mtutu. Pete yake huvaa kichwa cha mviringo kilicho kwenye kofia, na nyuma hushikwa na ulimi ulio kwenye kofia hiyohiyo. Ikicheza, tatizo ni kofia kwenye mbao. Skrubu ya mbele huingia kutoka chini, ile ya nyuma hukatiza mbao chini ya mtutu na kukutana na nati yake. Mbao ikisinyaa puani, kaza zote mbili na kofia bado itatikisika. Gundisha kipande chembamba cha mbao puani na uchonge upya. Karatasi na mkanda wa gundi huvumilia siku chache tu.

Kuunga badala ya kununua

Mbao nzima ikikosekana au bei ikiwa juu, na ile iliyokatwa ni ya asili yenye namba, unganisha. Tafuta mbao iliyovunjika nyuma lakini pua yake nzima. Kata zote mbili ili kiungo kiangukie chini ya pete ya nje, ambapo chuma kitakificha. Paka mtutu nta ya viatu, tabaka mbili, epoksi isiushike. Tumia bunduki yenyewe kama kalibu: weka vipande viwili kwenye mtutu, vijiti viwili vya mbao ndani ya kiungo, epoksi, kisha funga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli na uache saa 24. Angalia mstari wa juu ukiwa bado na nafasi ya kurekebisha. Pua iliyopinda milimita 2 itasukuma mtutu upande mmoja, na utarudi kwenye sehemu ya risasi zinazohama.

Mwonekano

Mbao mpya na kitako cha zamani havifanani rangi. Usipige msasa kitako. Alama za kiwanda na za ukaguzi zimo kwenye tabaka la juu kabisa. Toa vanishi kwa dawa ya kuondolea rangi na brashi laini. Michubuko inyanyue kwa kitambaa kilicholowa na pasi ya moto. Mvuke huvimbisha nyuzi zirudi. Kisha mafuta ya kitani, tabaka nyembamba, futa yote yanayobaki juu, ngoja siku, rudia. Chuma kilichong'arishwa na mwindaji kiache kama kilivyo. Kukipaka rangi mpya ya kung'aa kunafanya kila kitu kingine kionekane bandia.

Kilengeo cha nyuma kilichotupwa kinapatikana. Hakikisha ubao wake una mizani ya yadi 200 hadi 2000. Skrubu za Enfield zina hesi zake, si za metriki wala za Marekani. Skrubu ikigoma baada ya zamu mbili, si ya hapo.

Bolti yenye namba tofauti

Namba ya bolti ifanane na ya resiva. Isipofanana, usipige risasi kabla ya kupima nafasi ya ukingo wa ganda, yaani nafasi kati ya uso wa bolti na mwisho wa mtutu ambamo ukingo wa ganda la risasi hukaa: geji ya inchi 0.064 iruhusu bolti kufunga, ya 0.074 isiruhusu. Kichwa cha bolti cha No. 4 kilitolewa kwa ukubwa uliopewa namba 0 hadi 3, hivyo fundi hubadilisha tu. Vichwa vya SMLE havina namba hizo; inabidi kujaribu kimoja baada ya kingine kwenye bolti yako hadi geji zikubali, na kichwa kisigeuke kupita mstari wa mwili wa bolti. Bolti ikifunga juu ya 0.074 kwa kila kichwa ulichonacho, bunduki inabaki ya ukutani mpaka upate kingine.